Ulize Msitu Kabla ya Kuuliza Duka

Safari ya kununua bunduki ya kwanza ya kuwindia huanzia dukani, na mara nyingi hupotelea hapo hapo. Mteja anasimama mbele ya kaunta ya kioo, nyuma ya muuzaji mitutu imepangwa wima ukutani kama mianzi, na neno la kwanza linalomtoka ni: ipi nzuri? Muuzaji hana kosa akimwonyesha ya bei kubwa, maana swali lenyewe limemwelekeza huko. Mimi naona swali hilo liulizwe nje ya duka, tena barabarani. Nimelichukua jimbo la Pennsylvania nchini Marekani liwe mfano, kwa kuwa ni miongoni mwa majimbo yenye wawindaji wengi kabisa nchini humo, na kwa kuwa njia itokayo Lancaster, upande wa kusini, hadi kaunti ya Potter inayopakana na New York ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari na inapita juu ya karibu kila hoja ninayotaka kuitoa. Hoja yangu ni kwamba anayeanza kuwinda kulungu katika nchi ya aina hii hahitaji zaidi ya bunduki ya bolti ya bei ya chini, ile ambayo mpigaji huvuta na kusukuma bolti kwa mkono kila baada ya risasi moja, na iwe ya risasi zenye nguvu ya wastani. Fedha inayobaki aipeleke kwenye mazoezi. Sisemi hivyo kwa kumhurumia mwenye mfuko mwepesi. Hata mwenye nazo afanye vivyo hivyo.

Lancaster leo inajulikana kwa mambo yasiyohusiana kabisa na bunduki: mashamba ya Waamishi wanaosafiri kwa magari ya farasi, na wakimbizi waliopewa makazi mjini, Wakongo wenye Kiswahili chao wakiwamo. Lakini katika karne ya 18 mafundi wa Kijerumani na Kiswisi waliohamia sehemu hizi walitengeneza hapa bunduki iliyobadilisha uwindaji wa bara zima. Walikuja na mfano wa kwao Ulaya, bunduki fupi nene yenye tundu pana, wakairefusha mtutu hadi kupita mita moja na kulifinya tundu lake. Baadaye jimbo jingine lilipewa sifa, ikaitwa bunduki ya Kentucky, na watu wa Lancaster hawajaacha kulalamika. Sababu mojawapo ya kulifinya tundu ilikuwa ya mfukoni. Kiswahili kinaita madini na kile kinachotoka mtutuni kwa jina moja, risasi, na kwa mwindaji wa wakati ule vilikuwa kitu kimoja kweli: alibeba madini, akayayeyusha, akasubu vidonge vyake mwenyewe. Ratili moja ya madini hayo, karibu nusu kilo, hutoa vidonge kama 20 vya kipenyo cha inchi 0.60, ukishuka hadi inchi 0.45 hutoa kama 50. Mtu anayeingia porini kwa miezi kadhaa hawezi kuipuuza hesabu hiyo. Bunduki yenye sifa kubwa kuliko zote katika historia ya jimbo hili ilipata umbo lake, kwa sehemu, kutokana na bei na uzito wa kile kinachoilisha. Tangu hapo mambo mengi yamebadilika, hilo halijabadilika: bunduki hununuliwa mara moja, risasi hununuliwa siku zote.

Ukishaipita Harrisburg barabara inaandamana na mto Susquehanna, na milima ya Appalachia inaukatiza mto huo mmoja baada ya mwingine, mirefu na sambamba, kama matuta ya shamba la viazi vitamu. Mbele kuna Williamsport, ambao mwishoni mwa karne ya 19 ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya mbao duniani. Milima yote ya nyuma yake ilinyolewa. Kulungu nao walikwisha karibu wote, kwa kuwindwa bila mpaka na kwa kukosa pa kujificha. Jimbo liliunda tume ya wanyamapori mwaka 1895, na kuanzia 1906 ikaleta kulungu kutoka nje, Michigan ikiwa miongoni mwa majimbo ya kwanza kuwatoa. Wakaikuta milima inaanza kuchipua upya, majani mabichi yanafikiwa na kila mdomo, wakazaana kupita matarajio ya wale waliowaleta. Katika msimu wa 2023–24 wawindaji wa Pennsylvania walichukua zaidi ya kulungu 400,000, na bado wakulima wanalalamika kuliwa mahindi. Hapa niseme kwamba tunamwita kulungu kwa kukosa jina lake halisi. Kulungu wa kwetu hatupi pembe zake hata siku moja. Huyu wa mkia mweupe dume huziangusha kila mwaka na kuota nyingine.

Historia hiyo ya ukataji ndiyo inayotujibu swali la bunduki. Msitu wa leo umezaliwa na mashoka yale: mialoni, micheri na mingineyo ya rika moja, imesongamana, na chini yake vichaka ambavyo mtu akichuchumaa ndani haonekani. Mwindaji aliyekaa akingoja anaona kwa vipande, kati ya shina na shina, na umbali wa mita 100 humo ndani ni mbali. Anayepata kupiga mita 200 kwa kawaida amekaa ukingoni mwa shamba au kwenye mkuza wa nyaya za umeme. Sehemu ya kulungu inayopaswa kulengwa, penye moyo na mapafu, ina upana wa sentimita 20 hivi, kama sahani ndogo ya mezani. Sasa chukua bunduki ambayo wapenda shabaha wangeicheka, inayotawanya risasi zake kwenye duara la sentimita 6 kwa mita 100. Kwa mita 200 duara hilo linakuwa sentimita 12. Bado liko ndani ya sahani, na nafasi inabaki. Kwa hiyo kabla ya kutaja jina la kiwanda chochote tumekwisha kujua kiwango kinachotakiwa, na kiwango hicho ni cha chini kuliko matangazo yanavyotuaminisha.

Bunduki za bei ya chini za siku hizi zinakivuka kiwango hicho bila taabu. Hakuna miujiza hapo, ni ufundi wa viwandani uliokusanyika kwa miongo. Mwaka 1958 Savage ilitoa modeli 110, iliyosanifiwa na Nicholas Brewer, ambayo mtutu wake unashikwa na nati. Zamani fundi stadi alilazimika kuchonga na kupima, kuchonga na kupima, mpaka mtutu ukae sawasawa na bolti. Kwa nati, kipimo kinawekwa kwa kukaza na kulegeza. Remington 700 ya mwaka 1962 ilitumia fikra ya aina hiyo: mwili wake ni wa mviringo, unachongwa kwa mashine kutoka chuma cha duara, badala ya pande la chuma linalokatwa upande mmoja baada ya mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Savage ikaleta kifyatulio ambacho mnunuzi anaweza kukirekebisha mwenyewe, na washindani wakalazimika kufuata. Kisha ndani ya miaka michache zikaja mfululizo: Savage Axis, Ruger American, Mossberg Patriot. Zote kwa kawaida huuzwa kati ya dola 400 na 600 hivi, na kundi lake zima limeshusha bei ya shabaha kama simu za mkononi zilivyoshusha bei ya kuongea. Wapi kiwanda kimebana matumizi? Kwenye kitako cha plastiki, kwenye kasha dogo la risasi la plastiki, kwenye bolti inayokwaruza kidogo ukiivuta, kwenye rangi isiyong'aa. Wapi hakijabana? Kwenye tundu la mtutu. Humo ndimo risasi inamopita.

Wazee wa maduka ya bunduki wana pingamizi kwa hili, na ni la haki. Watakukumbusha mwaka 1964. Winchester Model 70, iliyoanza kutoka 1936 na kuitwa bunduki ya mpiga bunduki, ilibadilishwa mwaka huo ili ipungue gharama: ukucha mkubwa wa bolti ulioshika risasi tangu inapotoka kwenye kasha lake ukaondolewa, nakshi za kitako zikapigwa mhuri badala ya kuchongwa kwa mkono. Wanunuzi walikasirika, na hadi leo zile za kabla ya 1964 huuzwa kwa bei ya juu kwa sababu ya tarehe tu. Funzo lao ni kwamba kiwanda kikianza kubana, anayeumia ni mwenye bunduki. Nakubali kuwa ilitokea. Ila tofauti ipo: mwaka 1964 kiwanda kilichukua bunduki iliyosanifiwa kwa kazi ya mkono na kuipunguzia vitu, kama mtu anayepunguza nazi kwenye wali wa nazi. Hizi za sasa zilisanifiwa tangu mwanzo kwa mashine, na hazikuwa na kitu cha kupunguziwa. Kasoro zake ni nyingine, nazo zisifichwe. Kitako cha plastiki laini kikibanwa na mkanda ulioviringishwa mkononi kinaweza kupinda na kuugusa mtutu, na risasi ikaenda pembeni. Kasha la plastiki likikanyagwa kwenye baridi kali halina cha kusamehe. Lakini kitako hicho hicho hakinywi maji, na katika theluji na mvua ya Novemba kitako cha mbao huweza kuvimba na kuugusa mtutu vilevile. Nani basi amepunjwa?

Shida kubwa zaidi ya bunduki nafuu haitajwi sana dukani: wepesi wake. Ruger American ina kilo 2.8 hivi kabla ya kufungwa darubini, na bunduki nyepesi hupiga teke. Ndiyo maana suala la bei haliwezi kutenganishwa na suala la risasi. Risasi ya .30-06, ambayo nambari yake ya pili ni mwaka ilipopokewa na jeshi la Marekani, yaani 1906, imeangusha kulungu wengi wa milima hii kuliko anavyoweza kuhesabu mtu yeyote, na baba atamshauri mwanawe aichukue. Lakini teke lake ni kama mara mbili ya lile la .243, iliyotoka 1955. Ukiitia kwenye bunduki nyepesi, mgeni wa kazi atapiga mara nne, bega litamuuma, na mara ya tano atafumba macho na kukaza mwili kabla ya kifyatulio kuachia. Tabia hiyo ikishaingia haitoki kwa urahisi, na hakuna mtutu wa dola elfu mbili unaoitibu. Kwa hiyo mimi ningechagua .308, ya mwaka 1952, ambayo iko katikati na hupatikana hata kwenye duka la mji wenye taa moja ya barabarani; kwa mwenye mwili mdogo, .243. Wapo wanaoipenda 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007, na teke lake ni la upole kweli, sina ugomvi nao. Sifa yake kubwa ni kufika mbali, na mbali, kama tulivyoona, humu hakupo.

Watakaosema risasi kubwa husamehe makosa nawaelekeza kwetu Afrika Mashariki, ambako ushahidi upo japo ni mchungu. W.D.M. Bell, Mskoti aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya kuwinda pembe katika Karamoja ya Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya elfu moja, na wengi wao kwa bunduki ndogo za milimita 7. Aliweza kwa sababu alilijua fuvu la tembo kama fundi anavyoijua saa. Simsifu, hasara ya biashara ile tunaijua, na nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji leo zinakataza kumkabili tembo kwa bunduki za namna hiyo, kwa haki kabisa. Kenya ilikwenda mbali zaidi ikapiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977. Ninachochukua kwa Bell ni kimoja: mahali risasi inapoingia ni jambo zito kuliko ukubwa wake. Na kama hilo lilikuwa kweli kwa mnyama wa tani kadhaa, kwa mnyama mwenye uzito wa binadamu mzima risasi kubwa inamfichia mwindaji udhaifu wake tu, mpaka siku inapomshinda na mnyama anakimbia na jeraha.

Pingamizi jingine linatoka upande wa pili kabisa: kama ni unafuu, kwa nini usinunue iliyotumika? Pennsylvania imejaa bunduki za mababu. Kuna .30-30 za kukokwa kwa wenzo, na kuna Remington 760 ya mwaka 1952, inayokokwa kwa kuvuta na kusukuma kishikio cha mbele. Jimbo kwa kawaida haliruhusu bunduki zinazojikoki zenyewe kwa wanyama wakubwa, kwa hiyo hii ya kusukuma kwa mkono ilipendwa mno, hata watani wakaibatiza bunduki ya mashine ya Waamishi. Ya kurithi ni nafuu kuliko zote, na mwenye nayo asihangaike na makala hii. Ila ya kununua mkononi mwa mtu inataka jicho. Anayeanza hawezi kuchungulia tunduni akatofautisha kutu iliyokula mifuo ya mtutu na uchafu wa kawaida, wala hajui kama bolti imelegea. Akimlipa fundi bunduki aikague, sawa, nami namuunga mkono. Asipomlipa, anacheza pata potea na kitu kinacholipuka sentimita chache kutoka jichoni.

Turudi kwenye hesabu, kwa bei za wastani. Mtu ana dola 1,000. Bunduki nafuu 450. Darubini ya kukuza mara mbili hadi saba, au tatu hadi tisa, pamoja na vishikio vyake, 200. Zile zinazouzwa zikiwa zimekwisha kufungwa juu ya bunduki kwa nyongeza ndogo ya bei ndizo mahali ambapo kiwanda kimebana kweli, na ningezikwepa. Kibali cha uwindaji kwa mkazi mtu mzima ni dola 21 hivi, lakini hakipati mtu ambaye hajawahi kuwa na kibali kabla ya kuhudhuria mafunzo ya uwindaji. Kofia na kizibao cha rangi ya chungwa inayong'aa ni lazima kisheria katika msimu wa bunduki, inchi za mraba 250 kati ya kichwa, kifua na mgongo. Weka dola 30. Zinabaki 300. Kwa dola 30 kasha la risasi 20, ni makasha kumi, risasi 200. Aliyenunua bunduki ya dola 1,000 ana bunduki. Na ikiwa mtu anaweza kuazima au kununua .22 ndogo, afanye, maana bei ya risasi moja ya .308 hununua kumi au zaidi za .22, haikubaliwi kwa kulungu, lakini kidole hakijui tofauti kinapojifunza kubana polepole. Kila ununuzi wa bunduki mpya na risasi, hata ule wa bei ya chini, umebeba ushuru wa asilimia 11 ambao tangu sheria ya mwaka 1937 huenda kwenye uhifadhi wa wanyamapori, kwa hiyo mpiga mazoezi naye analipia msitu. Kwa Mswahili aliyeko huko kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, jambo moja: sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza kununua au kumiliki bunduki, ingawa kibali cha uwindaji ni mojawapo ya njia za kuondolewa katazo hilo. Hilo aulizwe mwanasheria, asiulizwe jirani.

Kaunti ya Potter yenyewe, njia inapoishia, hujiita Nchi ya Mungu, na usiku wake ni mweusi kiasi kwamba watu husafiri kuja kutazama nyota katika hifadhi ya Cherry Springs. Huku ndiko msitu unakomshinda mtu mwenye darubini kubwa: anakuza matawi. Kwa miongo mingi msimu wa bunduki ulifunguliwa Jumatatu baada ya sikukuu ya Shukrani, na shule nyingi zilifungwa siku hiyo kwa kuwa hakuna ambaye angehudhuria. Tangu 2019 unafunguliwa Jumamosi. Sikukuu ni Alhamisi, na Ijumaa inayofuata ndiyo siku ya mapunguzo makubwa kuliko zote madukani Marekani, bunduki zikiwamo. Kalenda imewekwa, bila kukusudia, ili mtu aweze kununua bunduki Ijumaa mchana kwa bei ya kutupa na kuingia nayo msituni Jumamosi alfajiri hajawahi kuipiga. Bei ni ile ninayoitetea, siku ndiyo mbaya. Mwaka mpya wa vibali huanza Julai 1, na kibali hicho hicho cha dola 21 hufungua pia viwanja vya shabaha vya tume kwenye ardhi zake za uwindaji, bila malipo mengine. Kutoka Julai hadi Jumamosi ile kuna miezi mitano. Makasha ni kumi, mawili kwa mwezi.